Gia ya mashine ya boti ya zamani: haiingii, inasaga, inachomoka

Mashine ya boti ikianza kugoma kuingia gia, neno la kwanza kusikika ufukweni ni kwamba gia boksi imekufa. La pili ni bei ya gia boksi. Mara nyingi gia boksi ni nzima, na kinachosumbua kipo juu, mahali panapofikika kwa spana mbili na bisibisi: kebo iliyoshika kutu, pini iliyochomoka, au marekebisho yaliyohama taratibu kwa miaka bila mtu kuyagusa. Kwa hiyo utafutaji unaanzia kwenye mkono wa gia anaoushika nahodha, unashuka hadi kwenye propela. Fundi anayeanza kufungua mguu wa mashine, ile sehemu ya chini inayozama majini, kabla hajachomoa kebo, mimi simpi kazi.

Haya yanahusu mashine zinazofungwa tezini, yaani nyuma ya boti, hasa zile za zamani zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Yamaha Enduro ya farasi 40 utaikuta kuanzia Lamu hadi Kilwa, na Ziwa Victoria pia. Suzuki, Tohatsu, Mercury na Johnson hutofautiana nayo kwa umbo la vipande, lakini kanuni ni ile ile.

Njia ya gia ni hii. Ukisukuma mkono kwenye boksi la kontroli, kebo inavuta au kusukuma mkono mdogo ulio ubavuni mwa injini. Mkono huo unaisogeza fimbo ndefu ya chuma inayopita ndani ya mguu wa mashine hadi gia boksi ya chini. Humo mna gia tatu: pinioni iliyo mwisho wa shafti inayotoka kwenye injini, gia ya mbele, na gia ya rivasi, yaani ya kurudi nyuma. Zote zimeumana muda wote. Injini ikiwaka zinazunguka zote, ya mbele upande mmoja na ya rivasi upande wa pili, hata kama propela imetulia. Kinachohama ni kipande kimoja tu, klachi yenye meno, inayoteleza juu ya shafti ya propela. Ikisogea mbele inaiuma gia ya mbele, ikirudi nyuma inaiuma rivasi, ikikaa katikati ndiyo nyutro. Hakuna sahani za kusuguana kidogo kidogo kama klachi ya gari. Meno yanaumana au hayaumani, na karibu kila tatizo la gia linatokana na hapo.

Kipimo cha kwanza, kabla ya kulaumu chochote

Zima injini, toa klipu ya kamba ya usalama, na chomoa kofia za plagi zote. Usiruke hatua hii. Utakuwa unazungusha propela kwa mkono, na injini ya zamani yenye joto inaweza kushtuka ikawaka kwa mzunguko mdogo tu.

Sasa fungua kifuniko cha injini, tafuta kebo ya gia inaposhikana na ule mkono mdogo, toa pini na uichomoe. Mwenzio azungushe propela polepole huku wewe unasogeza mkono mdogo kwa vidole: mbele, nyutro, rivasi. Lazima propela izungushwe, kwa sababu injini ikiwa imezimwa meno ya klachi yanaweza kusimama ncha kwa ncha na meno ya gia, na hapo hakuna nguvu itakayoyaingiza. Watu wengi hupinda fimbo au kuharibu kebo kwa kulazimisha gia boti ikiwa imezimwa ufukweni, kisha wakaanza kuutafuta ugonjwa walioutengeneza wenyewe.

Kwenye nyutro propela izunguke huru pande zote mbili. Kwenye rivasi ishike. Kwenye gia ya mbele, mashine nyingi zina meno yaliyochongwa mteremko upande mmoja, kwa hiyo propela ya kawaida ukiizungusha kulia, ukiwa umesimama nyuma yake, italia ta-ta-ta na kupita, na ukiizungusha kushoto itashika. Mlio huo ni wa kawaida.

Gia zote zikiingia vizuri kwa vidole, gia boksi yako kwa sasa ina amani, na tatizo liko kati ya injini na nahodha. Zisipoingia, au mkono mdogo ukiwa mgumu, tatizo liko chini. Umeshaugawa mwili wa mgonjwa mara mbili kwa dakika chache.

Mkono wa gia ni mgumu

Kebo ikiwa imechomolewa upande wa injini, sogeza mkono wa boksi la kontroli. Ukiendelea kuwa mgumu, chomoa kebo upande wa boksi pia. Sasa kebo iko peke yake, na utajua mkaidi ni nani.

Mara tisa kwa kumi ni kebo. Ndani yake mna uzi wa chuma unaopita kwenye bomba la plastiki, na maji ya chumvi huingilia mwisho ulio upande wa injini, pale chuma kinapoingia na kutoka. Kutu inaota, uzi unavimba, plastiki inakwaruzika. Kumimina oili au dizeli ndani yake kutakupa siku chache za raha, na grisi hukusanya mchanga. Kebo ngumu hubadilishwa. Ukibadilisha ya gia, badilisha na ya eksileta, maana zimezeeka pamoja. Itakayokatika baadaye haitakatikia gatini.

Kabla ya kununua, tafuta urefu uliochapishwa kwenye ganda la kebo, mara nyingi kwa futi. Usipime kwa kukisia. Kebo fupi itakunjika kwa ukali nyuma ya mashine, na mkunjo mkali ndio unaoua kebo mpya. Nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue sentimita 20 hivi. Piga usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, na uinue mashine kabisa, ukitazama kama kebo inabanwa popote. Wengine huifunga pamoja na nyaya za umeme kwa kamba ya plastiki iliyokazwa sana, halafu wakashangaa gia inakuwa ngumu boti ikikata kona tu.

Kebo ikiwa laini lakini boksi ni gumu, lifungue, lisafishe chumvi na grisi iliyoganda, upake grisi mpya ya baharini. Piga picha kabla ya kutoa kila kipande. Ndani mna springi na mpira mdogo wa chuma ambao ukiruka mchangani hautauona tena.

Mkono unasogea lakini gia haiingii

Hapa tazama kwa macho kabla ya kushika spana. Mtu mmoja asogeze mkono, mwingine atazame kwenye injini. Pini ya mwisho wa kebo inaweza kuwa imetoka. Au kile kishikio kinacholibana ganda la kebo kimevunjika, na badala ya uzi kusogea ndani ya ganda, ganda zima linasogea. Nahodha anahisi mkono unafanya kazi kama siku zote, lakini chini hakuna kinachofika.

Kama kila kitu kinasogea lakini safari yake haitoshi, rekebisha kebo. Weka boksi nyutro. Weka mkono mdogo wa injini nyutro, katikati kabisa ya mchezo wake. Zungusha kichwa cha kebo hadi tundu lake liishukie pini lenyewe, bila kuvutwa wala kusukumwa. Kichwa hicho kiwe kimeingia kwenye nyuzi za skrubu angalau milimita 8, kisha kaza nati ya kufungia. Pungufu ya hapo kitachomoka siku ya mawimbi. Jaribu mbele na rivasi. Gia moja ikiingia kikamilifu na nyingine ikigusa tu, bado hujapata katikati.

Sasa sababu ambayo mafundi hawapendi kuikubali. Uliza kama mguu wa mashine ulishushwa karibuni, kwa mfano kubadilisha impela ya pampu ya maji. Ili kuifikia impela, gia boksi ya chini hutolewa, na fimbo ya gia hukatwa katikati kwenye kiungio chake. Wakati wa kurudisha, chini na juu lazima ziwe kwenye gia ile ile. Ikiwa chini kulikuwa nyutro na juu mkono ukawa umeachwa mbele, kiungio kitafungwa kikiwa kimepishana, na boti itatoka na gia ya mbele na nyutro bila rivasi, au kinyume chake. Fimbo nyingine zina kiungio cha nyuzi, na mizunguko michache ikizidi au kupungua inatosha kuharibu mambo. Gia iliyoanza kusumbua siku ile ile impela ilipobadilishwa haijachakaa. Imefungwa vibaya, na aliyeifunga ndiye anayepaswa kuifungua bila malipo.

Gia inaingia kwa kusaga au kwa kishindo

Kishindo kidogo ni kawaida kwa meno haya. Kishindo cha kutikisa boti nzima si cha kawaida, na swali la kwanza ni mwendo wa injini ikiwa nyutro. Ikinguruma kwa kasi, gia zinazunguka kwa kasi, na klachi inaziparamia. Angalia kama kebo ya eksileta imekazwa kupita kiasi hadi kabureta haifungi hadi mwisho. Angalia pia kama boksi linafungua mafuta kabla gia haijaingia. Sehemu ya kwanza ya mwendo wa mkono ni ya gia peke yake, na mafuta yafuate baadaye.

Swali la pili ni mkono wa nahodha mwenyewe. Kuna imani kwamba gia ikiingizwa polepole ndiyo inatunzwa. Ni kinyume. Ukiisogeza polepole, ncha za meno zinagusana na kurukana mara nyingi kabla hazijaumana, na kila mruko unamega pembe ya jino. Shusha injini hadi mwendo wake wa chini kabisa, subiri itulie, kisha ingiza gia kwa mkono mmoja wa haraka na wa uhakika. Kutoka mbele kwenda rivasi, pita nyutro na utue hapo kwanza. Wanaosimamisha boti gatini kwa kuvuta rivasi huku ikikimbia mbele ndio wanaowalisha wauza vipuri.

Gia inachomoka ukiongeza mwendo

Hili ndilo lenye gharama, na ndilo linalochanganywa zaidi na mambo mengine. Unaongeza mafuta, boti inaanza kunyanyuka, ghafla injini inapiga yowe na mwendo unakufa. Magonjwa matatu hutoa dalili hiyo, na sikio linaweza kuyatenganisha.

Kama kuna mgongano wa chuma, ta-ta-ta-ta kubwa inayosikika hadi kwenye mbao za sakafu, ni meno ya klachi yanayoruka. Kama injini inapanda kasi kwa ulaini bila kugonga, na ukipunguza mafuta boti inavuta tena taratibu, shuku mpira wa ndani ya propela. Propela nyingi zina mpira kati ya kitovu cha ndani kinachoshika shafti na kitovu cha nje chenye mapanga. Kazi yake ni kuteleza ukigonga mwamba ili gia zipone, na ukishateleza mara moja huwa haushiki tena kama zamani. Chora mstari mmoja wa rangi unaopita kitovu cha ndani na cha nje kwa pamoja, nenda ukakimbize boti, rudi utazame. Mistari ikiwa imeachana, umepata jibu bila kufungua kitu, na propela itapelekwa kuwekwa mpira mpya au itabadilishwa.

Na kama yowe linakuja kwenye kona kali au boti ikiruka wimbi, propela inameza hewa. Mashine inaweza kuwa imefungwa juu mno tezini, mapanga yamemeguka, au tumbo la boti limeota uchafu. Gia haihusiki kabisa.

Ukithibitisha ni meno, rekebisha kebo kwanza kama nilivyoeleza, maana klachi isiyofika mwisho wa safari yake itachomoka hata ikiwa mpya. Ikiendelea, acha kuitumia. Kila inaporuka inazidi kuyafanya meno kuwa mviringo, na vipande vya chuma vinaingia kwenye beringi. Ikifunguliwa, utakuta pembe za meno zimelika kwenye klachi na kwenye gia ya mbele pia. Zibadilishwe zote mbili. Klachi mpya juu ya gia iliyolika ni fedha ya kutupa. Klachi ikiwa na alama ya F, upande huo uelekee gia ya mbele.

Utaambiwa pia kwamba meno yanaweza kuchomelewa na kusagwa upya. Yanaweza, na yataonekana mazuri juu ya meza. Lakini chuma cha meno hayo kimegumishwa kwa joto maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea unakilegeza. Kwa boti inayobeba watu kuvuka mkondo, mimi sikubali.

Boti inatambaa ikiwa nyutro

Propela kuzunguka kidogo nyutro kwa sababu ya uzito wa oili si kosa. Boti kusogea mbele kwa nguvu ni kosa, na kwa kawaida ni kebo iliyorekebishwa upande mmoja au injini inayonguruma kwa kasi mno. Usiwahi kupima kwa kuizuia propela kwa mkono au mguu injini ikiwaka. Pima ikiwa imezimwa.

Injini inazimika gia ikiingia

Mwendo wa injini ukiwa chini mno, mzigo wa propela unaizima. Lakini kwanza tazama propela. Kamba, kipande cha wavu wa jarife au mshipi vinaweza kuwa vimejifunga nyuma yake. Mshipi wa nailoni ni adui mbaya kuliko anavyoonekana, kwa sababu unajisokota kwenye shafti, unayeyuka kwa msuguano, na kukata sili, ile pete ya mpira ya kuzuia maji. Baada ya hapo maji yanaingia kwenye gia. Kwa anayevua, kutoa propela mara kwa mara na kukagua shafti si kazi ya hiari.

Kama mashine ni ya kuvuta kamba na kamba inakataa kuvutika hata nyutro, tatizo huenda si injini iliyokwama. Mashine nyingi zina waya mdogo unaozuia kuwashwa ikiwa ndani ya gia, na waya huo ukihama unazuia hata nyutro. Urekebishe. Wanaoukata ili waondokane na usumbufu wanatengeneza boti itakayoruka mbele siku moja, aliyesimama akivuta kamba aangukie majini, propela ikizunguka.

Na rivasi ikiingia halafu mashine nzima ikainuka kutoka majini, gia haina kosa. Ni ile ndoano inayoifunga mashine isiinuke wakati wa rivasi. Safisha chumvi, angalia springi yake.

Oili inasema nini

Hata kama kipimo cha kwanza kilionyesha gia ni nzima, fungua oili. Skrubu ya chini ndiyo ya kumwagia, ya juu ni ya kipimo. Toa ya chini kwanza kisha ya juu, na upokee oili kwenye chombo cheupe. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na sili zinahitaji kazi kabla ya gia. Kwenye sumaku ya skrubu, uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida.

Jaza kwa kusukuma oili kutoka tundu la chini hadi itokee juu bila mapovu, funga ya juu kwanza, halafu ya chini, kwa washa (pete za kuzibia) mpya. Tumia oili ya gia SAE 90 ya mashine za boti. Oili ya injini iliyobaki kwenye dumu haifai. Kiwango cha kubadilisha kinachokubalika ni kila saa 100 za kazi au miezi 6, na kwa boti inayokokotwa juu ya mafungu ya mchanga maji yakipwa, mapema zaidi.

Kebo ikikatika ukiwa mbali

Unaweza kurudi. Zima injini, toa kifuniko, chomoa kebo ya gia upande wa injini, weka mkono mdogo nyutro. Washa. Mtu mmoja abaki na usukani na eksileta, mwingine asukume mkono mdogo mbele kwa kitendo kimoja injini ikiwa kwenye mwendo wa chini. Flaiwili, lile gurudumu zito la injini, inazunguka wazi hapo juu, kwa hiyo shati, kikoi na nywele vikae mbali nayo. Ukikaribia ufukwe zima injini mapema uingie kwa makasia, kwa sababu rivasi ya haraka hutakuwa nayo.

Kujaribu baada ya matengenezo

Usijaribu kwa mara ya kwanza ukitoka mlangoni mwa bandari. Funga boti gatini kwa kamba mbili imara, omo (mbele) na tezi, mashine ikiwa majini ya kutosha. Ingiza mbele, ongeza mafuta kidogo, shikilia, sikiliza. Rudi nyutro, subiri, ingiza rivasi. Rudia injini ikishapata moto, kwa sababu gia nyingine huingia vizuri asubuhi na kukataa oili ikishakuwa nyepesi. Kisha toka, ukimbize boti kwa mzigo wake wa kawaida, urudi.

Siku inayofuata, kabla ya kuwasha, legeza skrubu ya chini ya oili kidogo tu. Kama kuna maji ndani, usiku mzima yamekuwa yakishuka chini ya oili, na tone la kwanza litakuwa la maji.